Daraja Linaloistahili Barabara Yetu

Kijiji nilikofundisha kwa miaka sita kina jina lake kwenye vitabu vya serikali, lakini sijamsikia mtu akilitumia. Madereva wa njia ya Garissa kwenda Wajir hukiita Kisiwa, na wenyeji hukiita hivyo hivyo kwa Kisomali, tena kwa majivuno kidogo. Mgeni akisikia Kisiwa hutazama huku na huku akitafuta bahari. Haoni kitu ila mchanga, miiba, na mbuzi anayetafuna katoni. Mimi mwenyewe siku niliposhushwa kwenye lami, kabla hujafika Habaswein, nikiwa na godoro na barua ya uhamisho, nilimuuliza mwenye pikipiki hicho kisiwa kiko wapi. Akanionyesha mchanga mkavu. "Ngoja mvua," akasema, akanidai nauli.

Basi nikangoja. Kijiji kimekaa katikati ya mikono miwili ya laga, na laga, kwa asiyejua, ni mto usio na maji. Karibu mwaka mzima ni njia ya mchanga tu. Mbuzi hulala ndani yake, vijana huchezea mpira humo, na mtu anaweza kuivuka akiongea na simu asijue kwamba amevuka kitu. Halafu mvua inanyesha mbali huko juu, siku ambayo kwetu jua linawaka, na kesho yake maji mekundu yanakuja yakiviringisha magogo. Hapo tunakuwa kisiwa, wiki moja, wakati mwingine tatu. Lami iko mwendo wa nusu saa kwa miguu, unayaona malori yakipita, na huwezi kuifikia.

Nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, na sitaficha kwamba nilijiona. Kule nilikozaliwa, magharibi, nilikuwa mtu wa kawaida. Kule Kisiwani nilikuwa ndiye Kiswahili chenyewe. Chifu akitaka kuandika barua, niitwe. Simu ya mtu ikileta ujumbe wa benki, niitwe niusome. Nikaanza kuongea polepole, kwa vituo, kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

Wenyeji wa kule, p huwatokea b, na v huwatokea f. Pesa ni besa, pikipiki ni bikibiki, na kuvuka ni kufuka. Niliwacheka sana kwa hilo, mpaka siku mwalimu mwenzangu aliponivuta kando akaniambia, kwa upole, kwamba mimi nami, kwa sababu ya lugha ya mama yangu, b hunitoka p na d hunitoka t. Nilibisha. Akaniambia nikumbuke imla ya asubuhi ile. Nilikuwa nimesoma sentensi kuhusu bata, mdomo wangu ukatoa pata, watoto wakasikia pata, na kwa kuwa kwao p ni b, wakaandika bata. Darasa zima lilipata. Nilikuwa nimewasifu kwa bidii yao.

Jirani yangu alikuwa mama muuza maziwa. Alikuwa amenizidi umri, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ngamia kwa mbali. Kila alfajiri alipokea maziwa ya ngamia wa nyumba yao na ya jirani, akayamimina kwenye mitungi ya plastiki aliyoifukiza kwa moshi wa kuni ili yasiharibike haraka, akaivusha laga kwa punda hadi kwenye lami, ambako gari la Habaswein lilimchukulia. Mimi aliniachia kikombe kimoja kila siku mlangoni. Nilikuwa nimezoea kumchokoza.

"Mama, leo utavuka au utafuka?" namuuliza.

"Nafuka, mwalimu."

"Anayefuka anatoa moshi."

"Maziwa yangu iko na moshi," anajibu. "Mimi na yeye, sisi wote nafuka."

Aliishi na mama yake mzazi, ambaye kijiji kizima kilimwita ayeyo, yaani nyanya. Ayeyo alikuwa ameacha kuhesabu umri. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha maneno machache tu aliyoyabeba tangu alipokuwa akipeleka mbuzi Garissa akiwa binti, na aliyatumia yote kila aliponiona, yakifaa yasifae. "Mwalimu, bei gani, maji, kwaheri, karibu," ndivyo alivyonisalimu kila asubuhi. Jambo moja alilokataa katakata ni kuhama. Ngamia walihama, kwa sababu ngamia na matope hawapatani, na mvua zikikaribia walipelekwa ng'ambo ya pili kwenye ardhi ya juu. Wanaume wa nyumba yao walihama nao. Ayeyo alibaki.

Hapo ndipo palipokuwa na shida ya binti yake. Mvua ikinyesha, ngamia wako ng'ambo, gari liko ng'ambo, mteja yuko ng'ambo, na yeye yuko kisiwani na mama asiyehama. Mvua zilizopita maji yaliwahi kabla ngamia hawajahamishwa, akakaa ukingoni na mitungi siku tatu akingoja yapungue, maziwa yakamgandia mikononi. Mwenye duka wa Habaswein alikuwa amemwambia hivi: nikikukosa tena, nachukua maziwa ya mwingine. Alinieleza haya bila kulia wala kulalamika. Alikuwa na mambo mawili, mama yake na kazi yake, na maji yalikuwa yanapita katikati yake.

Kwa hiyo siku afisa wa mipango kutoka kaunti alipokuja kufanya mkutano wa kushirikisha umma, ili tuseme tunataka mradi gani wa barabara, mama yule alifika mapema kuliko chifu. Tulikutana darasani kwangu. Wazee wenye ndevu za hina walijipenyeza kwenye madawati ya watoto, magoti yakagusa videvu, na hakuna aliyekubali kukaa chini kwa sababu afisa alikuwa kwenye kiti. Afisa akaeleza kwamba kila kijiji kina mradi mmoja tu, na pendekezo liandikwe kwenye fomu, kwenye mstari mmoja. Akasisitiza: mstari mmoja, kwa sababu fomu ni nyingi na wanaozisoma ni wachache.

Mstari mmoja, kwa watu wale! Mzee wa kwanza alianza na dua, akaingia historia ya laga, akataja ng'ombe waliokufa humo mmoja mmoja. Mzee wa pili alisema anaunga mkono wa kwanza, kisha akaanza upya tangu kwenye dua. Wa tatu alitaka josho la mifugo, akakumbushwa kwamba mkutano ni wa barabara, akasema basi josho lijengwe barabarani. Vijana walitaka taa za barabarani, ingawa barabara ya kuzitia hatukuwa nayo. Afisa alikuwa ameshatazama saa mara kadhaa mama muuza maziwa aliposimama.

"Mimi sina maneno mingi," alisema. "Sisi nataka daraja ya kufuka. Maji ikikuja, mimi nakaa huku, maziwa na gari nakaa kule. Mvua ya mwisho wa mwaka ikikuta hakuna daraja, mimi nahama lami. Mama yangu yeye hataki kuhama. Basi."

Akakaa. Ayeyo, aliyekuwa kwenye mkeka mbele kabisa, akaitikia kwa kichwa kwa nguvu. Wazee wakanong'onezana, na baada ya chai mbili wakakubaliana kwamba yule mama amesema walichokuwa wakisema wao tangu asubuhi. Daraja. Fomu ikaletwa kwangu.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipoharibu. Ningeweza kuandika tulivyoambiwa: tunataka daraja la kuvuka laga. Maneno matano, mtoto wa darasa la tatu angeyaandika. Lakini afisa alikuwa amenisimamia kichwani, wazee wananitazama, na mimi ndiye Kiswahili. Nikaona aibu kupeleka kaunti sentensi kavu namna ile. Nikawaza, nikatafuna kalamu, nikaandika kwa mwandiko wangu wa ubaoni: "Wakazi wanapendekeza kwamba barabara yetu ipewe daraja linaloistahili."

Nilipoisoma kwa sauti nilijisikia kama mtu aliyevaa koti jipya. Afisa alisema, "Mwalimu, hiki sasa ndicho Kiswahili." Wazee wakatia sahihi. Mama muuza maziwa, aliyewakilisha kina mama, akabonyeza kidole gumba kwenye wino, akakiweka palepale chini ya maneno yangu, akapangusa kidole kwenye shuka lake.

Miezi ikapita. Tulikuwa tumetulia, kwa sababu afisa alituma habari kwamba pendekezo letu limepita na fedha zake zimetengwa. Vijana wakaanza kubishana kama daraja liwe na ukingo wa chuma au wa saruji. Mzee mmoja alinunua baiskeli.

Kiangazi kilikuwa kinaelekea mwisho lori lilipokuja. Lilikuwa dogo kuliko tulivyotarajia. Lilikuwa na mafundi wawili, mfuko mmoja wa saruji, na kitu kirefu kilichofungwa kwa gunia. Wakaegesha kando ya laga, wakachimba shimo la kimo cha goti, wakasimamisha nguzo, wakalifungua gunia. Kilikuwa kibao cha rangi ya kijani. Kimeandikwa herufi moja na nambari. Wakapiga picha wakiwa wamesimama kando yake, wakaomba maji ya kunywa, wakaanza kupanda lori.

"Na daraja?" akauliza chifu.

Fundi mkubwa akaonyesha kibao. "Ndiyo hiyo. Barabara yenu ilikuwa daraja la chini kabisa. Sasa imepandishwa. Hongera."

Kisomali kina neno lake linalofanana na daraja, nalo maana yake ni cheo, heshima. Kwa hiyo wazee walielewa upesi kuliko nilivyotaka. Mmoja akakizunguka kibao, akakigonga kwa bakora, akasema, "Barabara yetu imekuwa ofisa. Sasa sisi tutapiga saluti tukiifuka?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kule watu wanaweza kuicheka shida yao wenyewe mbele yake, nami nimewapenda kwa hilo. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemwomba fundi anionyeshe karatasi ya kazi, na pale juu, imenakiliwa neno kwa neno, ilikuwa sentensi yangu. Ipewe daraja linaloistahili. Mtu wa ofisini kaisoma, kaielewa vizuri kabisa, kaipa barabara cheo. Hakuwa na kosa. Neno moja tu, kuvuka, au hata kufuka, lingemwonyesha maji, nami ndiye niliyelitoa kwa sababu halikunipendeza.

Nikamrudishia karatasi yake. Chifu akauliza imeandikwa nini. Nikasema, "Mambo ya ofisi tu."

Kuanzia siku ile kijiji kiliilaumu kaunti, na mimi nikaitikia. Nililaumu kwa sauti kuliko wote. Niliandika barua mbili kali za malalamiko, kwa Kiswahili kizuri sana. Nikajitia hamnazo, na kila asubuhi nikanywa kikombe changu cha maziwa.

Wingu la kwanza lilipoonekana upande wa juu, mama muuza maziwa alifunga mizigo. Hakumlaumu mtu. Alijenga kibanda karibu na lami, akamwacha ayeyo na mkwewe, mke wa mtoto wake wa kiume, akaniomba mimi, kwa kuwa shule ilikuwa na umeme wa jua na simu yangu haikuzimika, nimpelekee ayeyo simu kila jioni waongee. Nikakubali haraka mno. Siku mbili baadaye tukawa kisiwa.

Kila jioni nilienda na simu. Ayeyo aliishika kwa mikono miwili, akakitazama kioo chake kana kwamba binti yake amekaa humo, akaongea kwa muda mrefu. Mimi nilijifanya natazama mbuzi. Akimaliza ananirudishia na kuniambia, "Bei gani, mwalimu, kwaheri." Nilicheka kila mara, na kila mara nilijisikia vibaya nikirudi nyumbani.

Wiki ya pili ya maji akashikwa na homa ya kifua. Muuguzi wa zahanati alimpa alichokuwa nacho. Chifu alipiga simu kutafuta mashua, akaambiwa zilizopo ziko mtoni Tana, mbali kabisa. Alfajiri ya siku ya nne ayeyo akafariki. Nilisikia kilio nikiwa napiga mswaki, na nikajua kabla ya kuambiwa.

Kule maiti hangoji. Wazee walikaa kidogo tu, wakatazama maji, wakatazama jua, wakasema azikwe kabla ya adhuhuri, kama inavyopasa. Binti yake alikuwa amekwisha kufika ukingoni ng'ambo. Tulimwona amesimama, mrefu vile vile, na maji katikati yakipiga kelele. Akanipigia simu.

"Mwalimu, wewe utaenda kaburini?"

Nikamwambia mimi si Mwislamu, lakini wakiniruhusu nitaenda.

"Nenda. Simu usizime. Ukifika, weka mimi karibu na udongo."

Wazee waliniruhusu, na mmoja akanishika mkono kunisogeza mbele. Nikapiga magoti kando ya kaburi, nikanyoosha simu. Alisikia dua yote. Alisikia koleo. Sauti ya udongo ukiingia haikuchukua muda mrefu. Walipomaliza nikaiweka simu sikioni, nikasikia anapumua, na nyuma yake nikasikia maji yale yale niliyokuwa nikiyasikia kwa sikio la pili.

Daraja lilijengwa mwaka uliofuata. Nalisema mapema ili mtu asilisubiri kama tulivyolisubiri sisi. Ni la saruji, la chini, si la kujivunia, na maji makubwa bado hupita juu yake, lakini yakipungua kidogo gari linavuka. Fomu ya mara ya pili niliandika tulivyosema, herufi kwa herufi, na mtu wa kaunti alinipigia kuuliza kama kufuka ni kosa la chapa. Nikamwambia aliache lilivyo.

Lakini kabla ya hiyo fomu, maji yalipokauka tu, nilivuka kwenda kwenye lami. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeficha vya kutosha. Nilimkuta kwenye kibanda chake anaosha mitungi. Akanipa kigoda na chai. Nikamweleza yote bila kupamba: nilivyoandika, nilivyolitoa neno lake, karatasi ya fundi, barua zangu za kelele. Nikamwambia kwamba kama ningeandika alivyosema, daraja lingekuwapo, na angemzika mama yake kwa mikono yake.

Aliendelea kusugua mtungi mpaka ukamaliza kutoa povu.

"Mimi najua," akasema.

Nikamuuliza alijuaje, ni nani aliyemwambia.

"Hakuna mtu. Siku ile wewe nasoma, mimi nangoja neno yangu. Haikuja. Nikasema moyoni, labda iko ndani ya ile maneno nzuri, imejificha." Akaugeuza mtungi kichwa chini juani ukauke. "Mama yeye aliuliza. Alinivuta nguo, akasema, kufuka iko wapi? Mimi ndiyo nilimwambia, nyamaza, mwalimu anasoma."

Kisha akakaa chini, akajifunika uso kwa shuka, akalia kwa mara ya kwanza mbele yangu. Nilikaa naye mpaka chai ikapoa. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, na watu wamenisifu kwa hilo, na katika miaka yote hiyo sijamfundisha mtu hata mmoja namna ya kunikatiza.